Ini la Mtoto na Chai ya Majani

Leo tuzungumze juu ya ini.

Hapa kwetu Kisumu na kandokando ya ziwa, mtoto akiwa na macho ya manjano au tumbo likivimba, wengi humwendea nyamrerwa kwanza, au hununua mizizi na majani sokoni Kibuye wakayachemsha. Nyamrerwa ni mtu wa heshima, nami sikuja kumkashifu. Lakini iko habari ya kale ambayo kila mlezi anafaa kuisikia.

Katika kisiwa cha Jamaica, akina mama walikuwa na desturi ya kuwapa watoto chai ya majani ya porini kama dawa. Baadhi ya watoto walivimba tumbo, ini likawa kubwa na gumu, wengine wakafa. Mwaka 1954 madaktari watatu, Bras, Jelliffe na Stuart, waliandika juu ya ugonjwa huo. (Jelliffe huyo baadaye alifundisha Makerere, Kampala, ng'ambo ya ziwa letu.) Lawama ikaangukia chai ile: baadhi ya majani yake yana sumu inayoziba mishipa midogo ya kutolea damu kwenye ini. Damu ikikosa njia, maji hujaa tumboni. Sasa fikiria mama anayeona tumbo limevimba, naye kwa upendo anaongeza kikombe kingine.

Mmea mmoja wa chai hiyo ni wa jamii ya mitoo. Usishtuke! Mitoo tunayopika kwa maziwa ni mboga yetu tangu zamani, siyo inayosemwa hapa. Ila ina ndugu wengi porini wenye maua yanayofanana, na baadhi yao wana sumu.

Utauliza, basi hakuna mti unaotibu ini? Watu wametafuta. Mwaka 1988 madaktari wa Madras, India, walitangaza kwamba mmea uitwao Phyllanthus amarus uliondoa virusi vya hepatitisi B kwa wagonjwa wengi. Wengine waliporudia jaribio hawakupata matokeo hayo.

Hepatitisi B ina kinga: tangu 2001 chanjo yake imo ndani ya sindano ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Tazama kadi ya kliniki, kama mstari mmoja uko wazi nenda ukamalizie. Kichocho nacho mtoto hukipata akioga au kuchota maji ziwani. Mayai ya mnyoo hukwama kwenye ini na kulifanya gumu. Dawa yake ni prazikwanteli, tena hupimwa kulingana na mtoto mwenyewe. Sufuria ya majani haina kipimo.

Macho yakiwa ya manjano au tumbo likijaa, mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama ulishampa dawa ya majani, mwambie muuguzi bila kuona haya: ni majani gani, mara ngapi, tangu lini. Yaliyobaki yafunge kwenye karatasi uende nayo.