MLENGAJI NA FUNDI WAKE: HABARI ZA MAFIA MWAKA 1915



Mafia ni nchi ya vyombo. Pale Chole, kisiwa kidogo kinachotazamana na Utende, mafundi wameunda majahazi na mashua kwa vizazi vingi, nao huwajua kwa majina manahodha wanaovichukua vyombo vyao baharini. Nahodha akirudi safari na kusema, "Bwana fundi, chombo chako kikipata kusi kinazamisha omo," fundi hana pa kujificha. Magharibi watakutana msikitini, kesho watakutana sokoni, na pengine mke wa fundi ni binamu yake nahodha. Basi hata fundi akiwa mkaidi namna gani, mwisho atachukua tezo yake na kwenda kutazama.

Sasa fikiri juu ya chombo cha namna nyingine: bunduki, mzinga, na ile darubini inayofungwa juu yake ili mlengaji aione shabaha ya mbali. Anayeitengeneza yuko mji mmoja, anayeitumia yuko bahari nyingine, na katikati yao wamekaa makarani na wakubwa wa ofisi. Mlengaji akilalamika, malalamiko yake hupanda ngazi nyingi, na katika kila ngazi yuko mtu anayejiona kuwa anajua zaidi. Je, neno la mlengaji hufika? Swali hili liliulizwa kwa moto katika maji ya Mafia na Rufiji mwaka 1915, na jibu lake liligharimu roho za watu. Hatuandiki haya kusifu vita. Vita ile haikuwa yetu, ijapokuwa wengi waliokufa ndani yake walikuwa watu wetu.

Lakini kabla ya kufika Mafia hapana budi turudi nyuma kidogo, tuitazame hiyo darubini yenyewe.

Katika miaka ya 1890 darubini za kulengea mizinga ya manowari zilikwisha buniwa. Miongoni mwa wabunifu wake alikuwa ofisa wa Kimarekani, Bradley Fiske. Katika karatasi zilikuwa jambo la ajabu. Lakini mzinga ukipigwa hurudi nyuma kwa nguvu, na darubini iliyofungwa juu yake hurudi nao na kumpiga mlengaji jichoni. Mtu aliyepigwa mara moja hakungoja ya pili. Aliiacha darubini, akalenga kwa macho matupu kama walivyolenga waliomtangulia. Huko ofisini, hata hivyo, ilihesabiwa kuwa manowari zina darubini.

Mwingereza mmoja, Percy Scott, alikuwa nahodha wa manowari Scylla mwaka 1898. Siku ya mazoezi bahari ilichafuka, na walengaji wake karibu wote wakakosa, isipokuwa mmoja. Nahodha mwingine angempa yule mmoja zawadi na kuwakemea wengine. Scott alikwenda akasimama akamtazama. Akaona kuwa mtu yule, bila ya kufundishwa na yeyote, alikuwa akizungusha gurudumu la kunyanyulia mzinga pole pole kufuatana na mrama wa meli, ili shabaha isimpotee. Basi Scott akabadilisha meno ya gurudumu lile hata likazunguka kwa wepesi, akaihamisha darubini na kuiweka mahali ambapo mzinga hurudi nyuma nayo isitikisike, kisha akawafundisha wote kufanya kama yule mmoja. Mwaka 1899 walengaji wa Scylla walipata shabaha mara 80 katika kila 100. Kwa wakati ule watu walidhani ni uongo.

Na Marekani? Katika mwaka huo huo wa 1899 manowari zao 5 zilipiga shabaha, kila moja dakika 5, katika umbali wa yadi 1,600. Baada ya dakika 25 zikapatikana risasi 2 zilizopita kwenye matanga ya meli iliyolengwa. Ofisa kijana, William Sims, alikutana na Scott katika bahari za China, akajifunza kazi ile, akaandika taarifa baada ya taarifa kuzipeleka Washington. Kwanza hakujibiwa. Kisha akajibiwa kuwa vyombo vya Marekani ni vizuri kama vya Waingereza, na kosa ni la walengaji. Mwisho ofisi ile ikafanya majaribio yake na kuthibitisha kwa hesabu kwamba anayoyasema Sims hayawezekani. Majaribio yenyewe, msomaji, yalifanywa nchi kavu! Mzinga umesimama juu ya ardhi tulivu, nao wanapima jambo ambalo asili yake ni mrama wa bahari. Mwaka 1901 Sims aliwaruka wakubwa wake wote akamwandikia Rais Theodore Roosevelt, jambo ambalo lingeweza kumfukuzisha kazi. Mwaka 1902 akapewa usimamizi wa mazoezi ya shabaha ya manowari zote za Marekani.

Haya yawe akilini mwako tunapoingia Mafia, maana hapa utawaona watu wa ofisi na watu wa kazi wakikutana tena, na safari hii jicho la mlengaji halikuwa juu ya mzinga hata kidogo, lilikuwa angani.

Vita vilipoanza mwaka 1914 Wajerumani, au Wadachi kama walivyowaita wazee, walikuwa na manowari moja katika pwani hii, nayo ni Königsberg, yenye mizinga 10 ya sentimita 10.5. Nahodha wake alikuwa Max Looff. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga Unguja, mashine zake zinatengenezwa. Mizinga ya Königsberg ilifika mbali zaidi; makombora ya Pegasus yakawa yanaanguka majini kabla ya kumfikia adui. Pegasus ikazama. Baadaye Königsberg nayo iliharibika mashine, ikajificha katika mito ya Rufiji nyuma ya mikoko. Manowari Chatham iligundua mahali ilipo mwishoni mwa Oktoba 1914, lakini meli kubwa hazikuweza kuingia kwa uchache wa maji, wala mizinga yao haikuweza kulenga kitu kisichoonekana.

Basi likatafutwa jicho. Kwanza aliletwa raia mmoja, Dennis Cutler, aliyekuwa akiwaonyesha watu mchezo wa ndege huko Durban. Yeye na ndege yake ya kutua majini waliwekwa katika kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia. Novemba 1914 aliiona Königsberg. Lakini Cutler hakuwa mtu wa jeshi, na neno lake peke yake halikutosha. Ilibidi nahodha wa jeshi la bahari apande naye aone kwa macho yake. Desemba ndege yake iliharibika mtoni, akatekwa.

Januari 1915 Waingereza waliteka Mafia, na kisiwa kikawa kituo chao. Februari zikaletwa ndege mbili mpya za Sopwith kutoka Uingereza. Hapa ndipo uhodari wa fundi wa mbali ulipopimwa. Ndege zile ziliundwa kwa mbao na gundi katika nchi ya baridi. Joto na unyevunyevu wetu vikailegeza gundi, maungio yakaachana, mapanga yakafunguka. Hewa ya joto tena ni nyepesi, na ndege iliyoweza kupaa Uingereza na watu wawili, hapa ilishindwa kunyanyuka majini. Mvuvi yeyote wa Mafia angemwambia fundi yule jua letu linafanya nini katika ubao usiotiwa mafuta, lakini nani angemwuliza mvuvi? Zikaletwa nyingine za Short, kuukuu, kutoka Bombay. Hizi Aprili ziliweza kuipiga picha Königsberg, ila zilishindwa kupanda juu kwa kutosha, na Wajerumani wakazipiga risasi kutoka chini.

Kiongozi wa marubani alikuwa John Cull. Taarifa zilikwenda London, na kwa sifa yao wale wa London, safari hii zilisomwa. Juni 1915 zikafika Mafia ndege za nchi kavu: mbili Caudron, na mbili Henri Farman ambazo mifupa yake ilikuwa ya mabomba ya chuma badala ya mbao. Uwanja ukafyekwa kisiwani. Vitabu vimejaa majina ya marubani wa uwanja ule. Majina ya waliofyeka havina.

Zilifika pia Severn na Mersey, manowari mbili fupi zilizokokotwa kutoka Malta. Asili yake ziliundwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazil, kwa hiyo zilihitaji maji ya futi 6 hivi tu. Na njia za mto nani alizijua? Mwindaji mmoja wa ndovu, Pretorius, alitumwa kutoka Mafia akapita kwa mtumbwi usiku baada ya usiku akipima kina cha maji na kupwa na kujaa kwake, akitegemea wenyeji wa Rufiji wanaoijua mikondo ile kama wajuavyo vyumba vya nyumba zao.

Tarehe 6 Julai 1915 Severn na Mersey ziliingia mtoni. Königsberg ilikuwa umbali wa yadi 10,000 hivi, nyuma ya miti. Ndege ilizunguka juu. Mtazamaji ndani yake akaangalia kombora linapoangukia, kisha kwa simu ya upepo akapeleka herufi chache: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Aliweza kupeleka neno, lakini hakuweza kupokea. Wajerumani nao walikuwa na watazamaji wao wamejificha pwani na mitini, na makombora yao yalikuja sawasawa. Mersey ikapigwa, mzinga wake wa mbele ukanyamazishwa, mabaharia wakafa. Severn na Mersey zilipiga mamia ya makombora kutwa nzima. Königsberg ikaguswa mara chache tu, ikabaki hai.

Kosa lilikuwa wapi? Mizinga ilikuwa mizuri na watazamaji walikuwa hodari. Kosa ni kuwa manowari zote mbili zilipiga kwa pamoja. Mtazamaji juu akaona moshi na tope vikiruka mahali pawili, asijue hili ni la nani na lile ni la nani. Alipopeleka "kulia", Severn ikasogeza, na Mersey ikasogeza, na pengine iliyokosea ilikuwa moja tu. Walikuwa wakimsikia jicho lao bila ya kumfahamu.

Walirudi Mafia wakatengeneza mizinga, wakakaa na marubani. Yaliyoamuliwa yalikuwa mepesi mno hata mtu atashangaa kwa nini hayakufanywa mwanzo: manowari moja itapiga, nyingine itanyamaza, ili kila neno litokalo juu liwe na mwenyewe.

Tarehe 11 Julai zikaingia tena. Severn ikatia nanga ikapiga peke yake. Juu yake alikuwa Cull mwenyewe akiendesha Henri Farman, na mtazamaji wake Harwood Arnold. Makombora ya kwanza yalianguka mbali. Arnold akayavuta hatua kwa hatua mpaka yakaipata meli. Wakati huo huo ndege ikapigwa na mashine ikafa. Wakaanza kushuka bila mashine kuelekea mtoni. Arnold akapeleka habari kwamba wamepigwa na wanahitaji mashua. Kisha, ndege ikiendelea kushuka, akaendelea kupeleka marekebisho, maana aliona makombora yanaangukia mbele ya Königsberg nayo yalitakiwa katikati. Severn ikafuata neno lake. Ndege ikapinduka majini karibu na Mersey, na wote wawili wakaokolewa. Baadaye Mersey ikashika zamu ya kupiga. Looff alijeruhiwa, na alasiri ile akaamrisha meli yake ilipuliwe.

Msomaji atasema basi hadithi imekwisha. Kwa Waingereza pengine. Wajerumani waliitoa mizinga yote 10 majini wakaipeleka Dar es Salaam, na katika karakana ya reli mafundi wakaitengenezea magari ya magurudumu ili ipiganiwe nchi kavu, kazi ambayo waliounda mizinga ile Ujerumani hawakuiota kamwe. Fundi na mlengaji sasa walikuwa mji mmoja. Gurudumu likivunjika, aliyelivunja alikuja mwenyewe kueleza. Mizinga ile ilivutwa kwa kamba na mabega ya wapagazi katika milima na matope, mpaka mmoja baada ya mwingine ikaharibiwa au kutekwa kufikia mwaka 1917. Hao wapagazi, waliojua kuliko ofisa yeyote uzito wa chuma kile na njia ipi inaweza kukibeba, walikufa kwa maelfu katika vita ile kwa njaa na maradhi, pande zote mbili.

Mmoja katika mizinga ya Königsberg umewekwa Mombasa, Ngome ya Yesu, na wa Pegasus uko hapo hapo karibu yake. Watoto hupanda juu yake na kuchungulia ndani ya mdomo wake.