SeaGen, mtambo wa mkondo wa Strangford Lough

SeaGen ni jina la mtambo wa kufua umeme kwa nguvu ya mkondo wa bahari, uliosimamishwa mwezi wa Aprili 2008 katika mlango mwembamba wa Strangford Lough, kaunti ya Down, Ireland ya Kaskazini, ukang'olewa baadaye, kazi ya kuung'oa ikikamilika mwaka 2019. Nguvu yake ilikuwa megawati 1.2, na katika zama zake haukuwako mtambo wa mkondo ulio huru baharini, usiotegemea boma la kuzuia maji, ulioupita kwa umeme. Walakini wenye kushughulika na elimu ya bahari huukumbuka zaidi kwa jambo jingine, nalo ni wingi wa uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya sili, pomboo, ndege na viumbe wa chini ya maji, na wingi wa mashauri yaliyopita baina ya wenye mtambo, serikali, wanazuoni na wadau wa hori ile, kazi iliyoanza kabla haijafuliwa hata uniti moja ya umeme.

Mahali

Strangford Lough ni hori kubwa ya bahari yenye eneo la takriban kilomita za mraba 150, iliyokingwa upande wa mashariki na rasi ya Ards, nayo huungana na Bahari ya Ireland kwa mlango mmoja tu, wenye urefu wa kilomita 8 na upana wa kadiri ya nusu kilomita pale unapobana. Kwa kuwa maji yote yaingiayo na yatokayo hayana njia nyingine, na kiasi chake hukadiriwa kuwa mita za ujazo milioni 350 kila yajaapo, mlango huo hupitisha mkondo wa ghadhabu ambao siku za bamvua hufika mita 4 kwa sekunde. Msomaji wa pwani, aliyepata kuona mashua ikitia nanga nje ya mlango kungojea maji yasimame, hahitaji kuelezwa zaidi.

Miji miwili midogo, Portaferry na Strangford, hutazamana kwenye mlango huo, ikiunganishwa na pantoni ambayo safari yake haizidi dakika kumi, ilhali mwenye kuzunguka hori kwa barabara hana budi kwenda kiasi cha kilomita 75. Pantoni haiendi moja kwa moja. Nahodha huielekeza pua juu ya mkondo, ikawa kama inayokwenda upande, hata ifike gatini. Watu wa Skandinavia waliopitia hapo katika zama za kati waliiita hori hiyo kwa maneno yenye maana ya hori ya nguvu, bila shaka wakiutazama mlango. Wenyeji kwa Kiayalandi huiita Loch Cuan, jina linalotokana na ghuba na bandari zake za ndani, ambako maji ni shwari. Kila kaumu iliita kwa kile ilichokiona kwanza.

Hadhi ya hori

Kabla ya mtambo, hori hii ilikwisha pewa takriban kila hadhi ya hifadhi iwezayo kupewa sehemu ya bahari: hifadhi ya viumbe vya bahari tangu mwaka 1995, eneo maalumu la uhifadhi kwa sheria za Ulaya, na ardhi oevu iliyoandikwa chini ya mkataba wa Ramsar. Mabata bukini wa tumbo jeupe huja kwa maelfu kutoka Kanada wakati wa kipupwe. Sili wa kawaida, walio miongoni mwa viumbe waliotajwa katika amri ya hifadhi, huzaa kwenye miamba na visiwa vya ndani, na idadi yao ilikuwa imekwisha anza kupungua hata kabla nguzo ya mtambo haijakitwa.

Yafaa kutaja hapa, maana huelezea tahadhari iliyofuata, kwamba makundi ya kome wakubwa waliofanya kama tumbawe chini ya hori yalikuwa yameharibiwa vibaya na nyavu za kukokota, tena wakati hori ikiwa tayari ni hifadhi kwa jina. Wenyeji na vyama vya kuhifadhi viumbe walikuwa wamejifunza kwamba hadhi ya karatasi haimzuii mtu.

Mtambo wenyewe

SeaGen ulibuniwa na kampuni ya Marine Current Turbines ya Bristol, ambayo mtaalamu wake mkuu, Peter Fraenkel, alikuwa amejaribu mtambo mdogo wa kilowati 300 karibu na Lynmouth, Devon, mwaka 2003. Nguzo ya chuma yenye kipenyo cha mita 3, iliyosimama juu ya miguu minne iliyokitwa mwambani, ilibeba boriti ya kukingama, na kila ncha ya boriti ilikuwa na rafadha ya mapanga mawili yenye kipenyo cha mita 16. Mapanga yaliweza kugeuzwa nyuzi 180, hata mtambo ukafanya kazi maji yakijaa na yakipwa vilevile. Na boriti iliweza kupandishwa juu ya maji kwa matengenezo, hila iliyowapunguzia mafundi kazi ya kuzamia katika mkondo. Tishari la Kibelgiji la kunyanyulia mizigo, Rambiz, ndilo lililouleta na kuusimamisha. Umeme wa kwanza uliingia gridini Julai 2008, na Desemba mwaka huo mtambo ulifikia nguvu yake kamili.

Mashauri na wadau

Maafisa wa mazingira wa Ireland ya Kaskazini walikabiliwa na swali ambalo halikuwa na jawabu katika kitabu chochote: je, rafadha inayozunguka taratibu katika njia ya sili itawapiga, au itawafukuza, au wataipita bila kujali? Kumnyima mwenye mtambo leseni kwa kutojua kungaliifunga elimu. Kumpa bila sharti kungalikuwa kuwachezea kamari wanyama waliolindwa kwa sheria. Wakachagua njia ya katikati, kutoa leseni yenye masharti yawezayo kulegezwa au kukazwa kwa kadiri ushahidi utakavyokuja, na mradi wote wa uchunguzi, uliogharimu kiasi cha pauni milioni 3, ukawa juu ya mwenye mtambo.

Yaliundwa mabaraza mawili. La kwanza lilikuwa la wanasayansi, chini ya mwenyekiti asiye wa upande wowote, ambamo wanazuoni wa vyuo vikuu, maafisa wa serikali na watu wa vyama vya uhifadhi walikaa meza moja na kampuni, wakizitazama takwimu mbichi kabla hazijatangazwa. La pili lilikuwa la maelewano na watu wa hori, ambapo matokeo yaliletwa kwa maneno yasiyo ya maabara. Kuwako kwa maabara ya bahari ya Chuo Kikuu cha Queen's hapohapo Portaferry kulisaidia kuliko inavyokubaliwa katika ripoti, kwani wachunguzi hawakuwa wageni washukao kwa gari na kuondoka jioni, bali watu ambao wenyeji walikutana nao dukani na kwenye pantoni.

Uchunguzi

Kazi ya kuandika hali ya asili ilianza miaka kadhaa kabla ya 2008, nayo ndiyo fadhila kubwa ya mradi, maana miradi mingi ya bahari huanza kuhesabu wanyama baada ya chuma kutiwa majini. Ndege walihesabiwa kutoka ufukweni. Wapiga mbizi walishuka kutazama viumbe vya chini nyakati chache ambazo mkondo huruhusu. Vinasa sauti viliwekwa majini kusikiliza milio ya pomboo wadogo wenye pua butu. Na mizoga yote ya sili iliyotupwa ufukweni ilichunguzwa ili ijulikane kilichoua.

Wataalamu wa wanyama wa bahari wa Chuo Kikuu cha St Andrews waliwakamata sili na kuwabandika kwa gundi, juu ya manyoya ya nyuma ya shingo, kidude kilichoandika mahali alipo mnyama na kina alichozamia, kikazituma habari hizo kwa njia ya simu ya mkononi kila anapotokeza karibu na mnara. Kidude hakikuhitaji kuondolewa: sili anapopukutisha manyoya yake ya mwaka, nacho huanguka. Wanyama waliwekwa vidude kabla ya mtambo, wakati wa kuusimamisha, na baada ya kuanza kazi, hata pakawa na picha tatu za kulinganisha.

Sharti lililokuwa zito kuliko yote ni lile la kuzima mtambo. Mwanzoni mtazamaji alikaa juu ya nguzo, mkondo ukitoa povu chini ya miguu yake, akiyatazama maji kwa darubini, na akimwona mnyama ndani ya mpaka uliowekwa aliamuru rafadha zisimame, nazo zilisimama kwa sekunde chache. Kwa hiyo usiku hapakuwa na kazi, kwa sababu mtu haoni gizani. Baadaye ikafungwa sona, ambayo huona usiku na mchana, na mtu akawekwa mbele ya kioo chake kuhukumu kama kivuli kijacho ni sili, gogo, fungu la mwani au kizunguzungu cha maji; kwa kuwa hukumu hiyo ni ngumu, mara nyingi mtambo ulisimamishwa kwa ajili ya kisicho na roho. Mpaka wa kuzimia ulipunguzwa hatua kwa hatua hadi mita 50, kisha 30, kila hatua ikipitishwa na baraza.

Hapa pana kinyume ambacho wasifu mwingi wa mradi hukipita upesi. Sharti lililowalinda sili ndilo lililozuia kujulikana kile kilichotakiwa kujulikana, maana kila mnyama alipokaribia, rafadha zilisimama, na swali la nini hutokea sili na rafadha inayozunguka zinapokutana likabaki pale lilipokuwa. Hakuna mzoga uliothibitishwa kuuawa na mtambo. Lakini hilo ni shahada juu ya mtambo uliozimwa kila hatari ilipokuja, si juu ya mtambo ulioachwa uzunguke.

Matokeo

Ripoti ya mwisho, iliyotolewa Januari 2011, ilikata shauri kwamba hapakuonekana madhara makubwa kwa viumbe wa hori. Pomboo walipungua mlangoni wakati wa ujenzi, kisha wakarejea. Sili waliendelea kupita kuingia na kutoka, kwa hiyo mtambo haukuwa kizuizi. Ila uchambuzi wa vile vidude, uliochapishwa baadaye, ulionyesha kwamba mtambo ulipokuwa ukifanya kazi walipita kwa uchache wa kiasi cha asilimia 20, wakapendelea saa ambazo maji yamesimama, na wakajitenga nao kiasi cha mita 250 kila upande. Viumbe vya chini havikubadilika kwa namna iwezayo kuhusishwa na mtambo.

Kwingineko

Mifano mingine ni mingi na hutofautiana. Katika Pentland Firth, Scotland, mmoja wa mitambo minne ya mradi wa MeyGen, yenye jumla ya megawati 6, ulitiwa vinasa sauti, na pomboo wakaonekana kuukwepa. Katika ghuba ya Fundy, Kanada, chama cha wavuvi wa pwani kilikwenda mahakamani kupinga idhini ya mtambo uliotiwa majini mwaka 2016; miaka miwili baadaye kampuni iliyotengeneza mitambo hiyo, OpenHydro, ilifilisika siku chache baada ya mtambo wa pili kushushwa, ukaachwa chini ya bahari. Nishati ya mawimbi, ambayo Chuo cha Queen's kiliijaribu kisiwani Islay mwaka 2000, haijapata uchunguzi wa kadiri hiyo. Tangu mwaka 2010 habari za namna hii hukusanywa na mataifa kadhaa kwa pamoja chini ya mpango ujulikanao kama OES-Environmental.

Mwisho wa mtambo

Kampuni ya Marine Current Turbines ilinunuliwa na Siemens mwaka 2012, kisha ikauzwa kwa Atlantis mwaka 2015. Mradi wa mitambo ya namna hiyo karibu na Anglesey, uliokwisha pata idhini, uliwekwa kando. SeaGen ulikuwa umefua jumla ya gigawati-saa 11.6. Rafadha na boriti ziliondolewa mwaka 2016, na nguzo ikafuata mwaka 2019. Kampuni ya Kiswidi ya Minesto iliendelea kujaribu mtambo wake wa tiara katika hori hiyohiyo.