Milima Kabla ya Lami

Katika Soko la Toi, mwanariadha wa Kibera hupata kiatu cha mbio cha mtumba. Lakini mapaja yaliyojengwa mlimani hayauzwi. Mkenya Paul Tergat alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara 5 mfululizo, 1995 hadi 1999, kabla ya kuweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2003, saa 2:04:55. Naamini nyika, pamoja na milima yake, ndiyo iliyojenga ushujaa wetu wa barabarani. Wapo wanaosifu hewa nyepesi ya nyanda za juu pekee. Hewa hiyo huongeza uwezo wa damu kubeba oksijeni, kweli, lakini aliyezoea lami tambarare, hata akiwa mkazi wa Nairobi anayevuta hewa hiyo hiyo, huumia akishuka milima ya Ngong: misuli ya mapaja hujinyoosha huku ikizuia uzito, ikachanika kidogo kidogo.