Si kila chuma hufaa kufuliwa kisu

UBORA wa kisu hautambulikani kwa mng'ao wa bapa wala kwa urembo wa mpini. Umo katika chuma chenyewe, na fundi akikosea katika kukiteua, hakuna ustadi wa nyundo wala kinoo utakaomwokoa. Kisu cha chuma laini huwa butu kabla nyama ya mbuzi mmoja haijaisha kukatwa. Kile kigumu kupita kiasi hukatika ghafla, na kipande chake chaweza kumrukia mkataji usoni.

Kinachotenganisha chuma cha kawaida na feleji ni kaboni. Chuma cha kuundia madirisha na malango kwa kawaida huwa na kaboni isiyofikia asilimia 0.3. Hata kikipashwa moto kikawa chekundu kisha kikazamishwa katika mafuta, hakiwi kigumu kiasi cha kushika makali. Kisu huhitaji kaboni ya kati ya asilimia 0.5 na 1 hivi.

Ndiyo maana wahunzi wa sehemu nyingi duniani, Afrika Mashariki ikiwamo, huzipenda springi bapa za magari. Nyingi huwa na kaboni ya asilimia 0.6 hivi, na baadhi zimechanganywa na kromiamu kidogo. Chuma hicho hustahimili vishindo, hivyo chafaa zaidi panga, sime na shoka la bucha kuliko kisu chembamba cha kumenyea viazi. Wapo washikiliao kwamba kila springi ni dhahabu. Huko ni kutia chumvi. Springi iliyobeba mizigo miaka mingi yaweza kuwa na nyufa zisizoonekana, ambazo hujitokeza kazi ikiwa karibu kwisha. Njia rahisi ya kuzisaka ni kuisafisha springi, kuipaka mafuta ya taa, kuipangusa hadi ikauke, kisha kuinyunyizia unga wa chaki. Penye ufa, mafuta hupenya kutoka ndani na kuchora mstari juu ya chaki.

Tupa kuukuu hufaa visu vidogo kwa kuwa kaboni yake aghalabu hufikia asilimia 1 au zaidi. Hata hivyo, kuna tupa za bei rahisi ambazo ni ngumu juu tu, ndani zikiwa chuma laini.

Asiyejua asili ya chuma chake akate kipande kidogo akijaribu. Akipashe moto hadi sumaku isikivute tena, jambo litokealo karibu na nyuzi 770 za Selsiasi, aongeze moto kidogo, kisha akizamishe katika mafuta ya kupikia yaliyopashwa kiasi. Kikipoa, akikwaruze kwa tupa nzima. Tupa ikiteleza kana kwamba iko juu ya kioo, kaboni imo. Ikiuma, chuma hicho kirudi kwa mchomeleaji wa malango.

Kipande kilichofaulu bado ni kikavu mno. Kisu chenyewe, baada ya kuzamishwa, sharti kipashwe tena kwa moto wa wastani, nyuzi 200 hivi, kwa saa moja au mbili, hadi uso wake uliosuguliwa ukawa na rangi ya majani makavu. Fundi mwenye haraka huiruka hatua hii, na hapo ndipo visu vingi huvunjikia.

Chuma kisichoshika kutu huwavutia wengi. Lakini cha vijiko na masinki hakina kaboni ya kutosha, na kile cha visu huhitaji joto linalopita nyuzi 1,000 na kudhibitiwa kwa makini. Jiko la makaa haliliwezi.

Chuma kilichopakwa zinki kisiingizwe motoni kamwe, kwani moshi wake humletea fundi homa na kifua kubana.

Liko pia suala la sheria. Nchini Kenya, Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya mwaka 2015 inawataka wafanyabiashara wa bidhaa hiyo kuwa na leseni, na mnamo Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa kufuatia uharibifu wa miundomsingi, zikiwamo nguzo za umeme. Kipande cha reli kina kaboni ya kutosha kisu, ila anayekinunua uchochoroni huenda akajikuta mahakamani. Springi iliyovunjika hupatikana kwa fundi wa magari, na asili yake hujulikana.