Pika kwa kuni chache: jinsi ya kujenga jiko la udongo nyumbani

Kama unaishi Nakivale, Kyaka II, Kyangwali au makazi mengine ya wakimbizi nchini Uganda, unajua jinsi kuni zinavyozidi kuwa mbali. Mama au binti anayetoka asubuhi kuzitafuta anaweza kurudi mchana, na njiani anaweza kushambuliwa au kugombana na mwenye shamba. Familia nyingine huuza sehemu ya chakula ili zinunue makala. Wenyeji nao wanaona miti yao ikiisha.

Huwezi kuacha kupika, lakini unaweza kupika chakula kilekile kwa kuni chache.

Kwa nini mafiga matatu yanakula kuni?

Moto wa mafiga uko wazi. Upepo hubeba joto kabla halijafika kwenye sufuria, na moshi huumiza macho na mapafu ya mpishi na watoto. Jiko la udongo hufunika moto, hivyo joto hupanda moja kwa moja hadi kwenye sufuria.

Unahitaji:

- udongo wa kichuguu au wa mfinyanzi
- nyasi kavu zilizokatwakatwa
- maji
- vipande viwili vya mgomba, vyenye unene wa sentimita 12 hivi
- sufuria unayopikia kila siku

Hatua za kujenga

1. Ponda udongo, ondoa mawe, uchanganye na nyasi na maji. Ukanyage mpaka ushikamane, kisha uufunike kwa siku chache.
2. Chagua mahali penye paa na hewa ya kutosha, mbali na turubai na ukuta wa nyasi.
3. Tandaza udongo chini. Laza kipande kimoja cha mgomba. Hapo patakuwa mlango wa kuni. Mwisho wake simamisha kipande cha pili, chenye urefu wa sentimita 30 hivi. Hapo patakuwa njia ya moto.
4. Jaza udongo kuzunguka vipande hivyo, ukishindilia vizuri.
5. Zungusha sufuria juu yake ili ipate kikao. Weka vinundu vitatu vya udongo, vyenye unene wa kidole, ili moshi upate pa kutokea.
6. Udongo ukianza kuwa mgumu, toa migomba. Acha jiko likauke kivulini wiki mbili hadi nne. Ukiwasha mapema, litapasuka. Nyufa ndogo zizibe kwa udongo uleule.

Tumia kuni vizuri

Kausha kuni na uzipasue ziwe nyembamba. Usijaze mlango, kwa sababu moto unahitaji hewa chini ya kuni. Loweka maharage usiku kucha na upike ukiwa umefunika sufuria. Ukiivisha, zima moto. Kuni zilizobaki ni za kesho.

Unaweza pia kutumia kikapu kilichojazwa majani makavu ya mgomba. Mchele ukishachemka, funika sufuria vizuri, uiweke ndani na uifunike juu. Utaendelea kuiva bila moto. Maharage yachemke kwanza nusu saa, na uyachemshe tena kabla ya kula.

Tahadhari: usiingize jiko la makala katika chumba cha kulala, hata kama kuna baridi. Gesi yake haina harufu, na inaua.

Anzeni pamoja

Jengeni kwa zamu: leo kwa jirani mmoja, kesho kwa mwingine. Mwulize mwenyekiti wa kijiji chako mahali miche inapogawiwa, na upande mingine pembeni mwa kiwanja. Mikaratusi isipandwe karibu na kisima au kinamasi, kwani hunywa maji mengi. Kabla ya kuokota kuni kwenye shamba la mwenyeji, mwombe ruhusa.

Kabla ya kuanza kutumia jiko jipya, hesabu mafungu ya kuni unayotumia kwa wiki. Hesabu tena baadaye. Tofauti hiyo ni safari ambazo binti yako hatalazimika kwenda.