Historia ya simu na afya zetu, Sehemu ya 4: Siku simu ilipoanza kutuuliza

Watoto wakishalala, tuendelee tulipoishia.

Unakumbuka Wazazi Nipendeni? Kuanzia 2012 mama mjamzito hapa Tanzania alituma neno MTOTO kwenda 15001, bure kabisa, akawa anapokea meseji za kumkumbusha kliniki, chandarua na dalili za hatari. Mimi mwenyewe nimepokea akina mama waliofika wodini wakinionyesha meseji: "Nesi, nimeambiwa hii ni dalili ya hatari."

Lakini angalia vizuri. Pale simu ilikuwa inakuambia. Leo nataka tuone ilivyoanza kukuuliza.

Turudi nyuma kidogo. Januari 2008 Kenya ilikuwa kwenye machafuko baada ya uchaguzi. Ory Okolloh na wenzake wakaanzisha Ushahidi. Mwananchi aliandika mtandaoni au alituma meseji kueleza alichokiona mtaani kwake, na taarifa ikawekwa kwenye ramani. Hiyo haikuwa kura ya maoni, lakini watu wakaona kwamba mtu wa kawaida mwenye simu anaweza kutoa habari ambayo wakubwa hawana.

Mwaka 2011, majirani zetu Uganda wakapiga hatua nyingine. Nchi ile zaidi ya nusu ya watu wake walikuwa chini ya miaka 18, yaani wengi hata umri wa kupiga kura hawajafika. Nani atawauliza? UNICEF pamoja na wadau wake wakaanzisha U-Report. Kijana alituma neno JOIN kwenda 8500 bila kukatwa salio. Skauti na taasisi za dini walisaidia kuwaandikisha. Kisha maswali yakaanza kuja karibu kila wiki: kuhusu chanjo, maji, shule, ndoa za utotoni. Kitochi tu kilitosha kujibu.

Majibu hayakufungiwa kabatini. Yalihesabiwa kwa wilaya, yakasomwa redioni, yakaandikwa magazetini, na wabunge wakaweza kuona vijana wa kwao wanasema nini. Ugonjwa wa mnyauko uliposhambulia migomba, vijana waliulizwa kama umefika mashambani kwao, na wakatumiwa maelezo ya namna ya kuukabili. Mama wa Kagera ananielewa hapa. Mgomba ukifa, sufuria inalala tupu. Ndani ya miaka michache waliojiunga wakafika mamia ya maelfu, na mpango ukaenda nchi nyingine nyingi.

Kabla ya 2015 Umoja wa Mataifa nao ukaendesha kura iliyoitwa MY World. Ulipewa mambo 16, uchague 6 yaliyo muhimu kwako na familia yako. Wengine walijibu kwa karatasi, wengine kwa intaneti, wengine kwa meseji. Zaidi ya watu milioni 9 walishiriki, wengi wao wakiwa vijana wa chini ya miaka 30. Elimu bora ikawa ya kwanza, huduma bora za afya ya pili, ajira ya tatu. Septemba 2015 yakapitishwa Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, na lengo la 3 ni afya. Sisemi kura ile ndiyo iliyoandika malengo, maana serikali zilikaa zikajadiliana. Ila safari hii hakuna aliyeweza kusema vijana hawakusema.

Sasa nije kwenye linaloniuma.

Anakuja binti kliniki, miaka 18, mimba ya kwanza. Namwomba namba ya simu niandike kwenye kadi. Ananijibu taratibu, "Andika ya mume wangu, dada. Mimi sina." Swali likitumwa kwa simu, atakayejibu ni mume. Yule mwenye mimba hahesabiwi. Hata U-Report ya Uganda wavulana walikuwa wengi kuliko wasichana. Basi ukisikia "vijana wamesema", jiulize: vijana gani?

Kuna waliojaribu kuziba pengo hilo. Mwaka 2013 Twaweza walianza Sauti za Wananchi hapa Tanzania Bara. Kaya zilichaguliwa kwa bahati nasibu, na zikapewa simu pamoja na chaja ya sola, halafu wakawa wanapigiwa kuulizwa kuhusu maji, shule, dawa hospitalini. Hawakusubiri mwenye simu ajitokeze. Walimfuata asiye nayo. Hilo somo mimi nalipenda sana.

Kwako mzazi, nakuachia matatu. Moja, ukiulizwa na mpango unaoujua, jibu, hata kama unaona jibu lako ni dogo. Mbili, kura ya kweli haikuombi namba ya siri ya pesa zako. Ukiombwa, futa. Tatu, kama simu ya nyumbani ni moja, swali likija mpe binti yako au mkeo naye ajibu kwa maneno yake, usimjibie.

Yule binti aliporudi kliniki mwezi uliofuata nilimuuliza mdomo kwa mdomo: nini kinakusumbua ukija hapa? Akasema umbali na nauli. Hakuna meseji yoyote ingenipa jibu hilo kupitia simu ya mumewe.

Kesho Mungu akipenda, Sehemu ya 5. Mkalale salama, na msisahau chandarua.