Kalamu Iliyokosa Mwenyewe
Tamthilia ya Doctor Who, iliyoanza kuonyeshwa na BBC huko Uingereza tarehe 23 Novemba 1963, haikudhoofishwa na uduni wa mapambo yake, ambao watazamaji waliusamehe tangu awali, bali na kalamu. Mwaka 1986, iliporejea baada ya kusimamishwa miezi 18, ikiwa na kisa kimoja cha sehemu 14, mwandishi Robert Holmes, aliyekuwa, kwa rai yangu, fundi mkubwa kuliko waandishi wake wote, alifariki kabla ya kukamilisha hatima ya kisa hicho. Naye Eric Saward, mhariri wa maandishi, akajiuzulu na kulizuia andiko alilolimalizia, hata Pip na Jane Baker wakaitwa kwa haraka kuandika sehemu ya mwisho pasipo kuelezwa Holmes alikusudia nini. Mafumbo yaliyofungwa na mmoja yakafumbuliwa na wengine kwa kukisia, nami huhuzunika kila niitazamapo.